Maswali yenu: supakapasita, betri ya boda na maganda ya kahawa

Maswali ya supakapasita, yani kile kifaa cha kutunza umeme kinachojaa na kuutema haraka kuliko betri, yamekua mengi wiki hii, najibu matano hapa.

Kaka mi naendesha boda Ngaramtoni, asubuhi na hii baridi betri inagoma kupiga stata. Nikitoa betri nikaweka supakapasita?

Usitoe, ongezea. Betri inatoa umeme kwa kemikali kubadilika na kemikali zikipigwa baridi zinazubaa, ila supakapasita haibadilishi kitu, ayoni zake (chembe ndogo zenye chaji ya umeme) zinajipanga tu juu ya kaboni afu zinaachia, ndo maana inatema umeme mwingi kwa mpigo na unaweza kuijaza na kuimaliza mara laki tano mpaka milioni, wakati betri ya asidi mia kadhaa tu ishachoka. Shida ni kwamba umeme wake unavuja wenyewe, ukilaza boda siku nyingi unakuta umepungua, kwa hiyo betri ibaki, hii ikae pembeni yake kazi yake iwe stata. Kopo moja la supakapasita linabeba volti 2.7 tu, kwa volti 12 unaunga sita kwa mstari na uweke kadi ya kusawazisha volti za makopo, la sivyo moja litazidiwa life. Na kabla hujaziunga na betri zijaze kwanza kupitia balbu ya taa, zikiwa tupu zinavuta umeme vibaya mno.

Kama ni nzuri hivyo mbona hawaweki kwenye simu? (Mdau, Majengo, Moshi)

Chukua kopo kubwa la faradi 3000 (faradi ni kipimo cha ukubwa wa kapasita), uzito kama nusu kilo. Likijaa linabeba kama wati-saa 3, hicho ni kipimo cha umeme uliotunzwa. Betri ya simu yako inabeba kama 15, yani ungetembea na makopo matano, kilo mbili na nusu mfukoni! Kwa kilo moja supakapasita za sokoni zinabeba wati-saa 5 mpaka 10, lithiamu inapita 150. Hilo pengo ndo watu wa nano, yani teknolojia ya vitu vidogo mno, wanahangaika nalo.

Nasoma form six hapa Sakina, naomba unieleweshe nano inaingiaje.

Dogo swali lako ndo zuri kuliko yote. Umeme unakaa juu ya uso wa kaboni, sio ndani, kwa hiyo ukitaka ubebe zaidi ongeza uso, na uso unaongezeka ukiitoboa kaboni vitundu vidogo sana. Gramu moja ya kaboni iliyotobolewa vizuri ina uso wa mita za mraba 1000 mpaka 3000, yani gramu tatu za ile nzuri kabisa unatandika uwanja wa mpira na inabaki.

Zamani waliamini kitundu kikiwa kidogo kuliko ayoni na kile kimiminika kilichoizunguka basi hakina kazi. Mwaka 2006 ikaonekana kinyume, vitundu vya chini ya nanomita 1 (sehemu moja ya bilioni ya mita) vilibeba zaidi, kwa sababu ayoni inavua lile koti la kimiminika inaingia mtupu na kuikaribia kaboni zaidi. Mi hapa huwa nasisimka kila nikikumbuka. Ila vikiwa vyembamba vyote ayoni zinakwama njiani, unapoteza ile kasi, ndo maana wanataka barabara kubwa na vichochoro vyake kwa pamoja.

Halafu kuna grafini, kaboni yenye unene wa atomi moja. Kwa hesabu gramu moja ina mita za mraba 2630, lakini karatasi zake zinagandana kama chapati zilizopangwa bila mafuta na uso unapotea, kwa hiyo kazi kubwa ni kuzitenganisha. Wengine wanapaka kaboni oksaidi ya manganizi, bei yake nafuu na inaongeza umeme, ila haidumu kama kaboni tupu.

Mwanangu, nasikia maganda ya kahawa yanatengeneza betri, ni kweli? (Mama wa Kibosho)

Shikamoo mama. Ni kweli, japo ni kaboni ya supakapasita sio betri nzima. Vifuu vya nazi viwandani vinatumika kabisa, na maganda ya kahawa na pumba za mpunga watafiti wameshayajaribu yakatoa kaboni nzuri tu. Wanachoma bila hewa, wanachanganya na kemikali kali, wanachoma tena nyuzi 700 au 800, wanaosha. Nyumbani usijaribu mama, ile kemikali inachubua ngozi. Ila nano sio ya ughaibuni tu, pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji la nano likashinda tuzo ya Afrika ya uhandisi mwaka 2015, natamani sana maganda ya Kilimanjaro nayo yapate mtu wa hivyo.

Kapasita ya feni ni hiyo hiyo?

Hapana. Ya feni ni mikrofaradi chache (sehemu za milioni za faradi), hii ni faradi elfu. Volti yake ndogo haikupigi shoti, ila spana ikigusa ncha zote mbili inayeyuka na kukuunguza, kwa hiyo vua pete na uimalize kwa balbu kabla ya kuifungua.