Thredi elfu kadhaa kwenye JVM: kwanza jua anazipanga nani

Mkuu, umeuliza kwa nini programu yako ya Java kwenye Linux ukiiongezea thredi (njia za kazi zinazokimbia sambamba ndani ya programu moja) inazidi kuwa nzito, na kama ukihamia mfumo mwingine wa uendeshaji itapona. Usihame kwanza. Angalia thredi zako anazipanga nani, kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) au JVM yenyewe (mashine pepe inayoendesha programu za Java).

Java ya mwanzo ilikuwa na thredi za kijani, JVM inazigawia muda yenyewe na kerneli inaona moja tu, kubadilishana ni rahisi sana ila prosesa zako zingine zinakaa bure, na moja ikikwama kwenye kusoma faili zote zinasubiri. Solaris, mfumo wa uendeshaji wa Sun, wakajaribu katikati, thredi nyingi juu ya chache za kerneli, wakaiacha kwenye Solaris 9 mwaka 2002. Linux kuanzia kerneli 2.6 (2003) ikasimama na moja kwa moja, yaani kila thredi ya Java ni thredi kamili ya kerneli. Hiyo ndiyo unayotumia, na kwa kweli kwa kazi za kawaida ni nzuri.

Shida inakuja zikiwa nyingi. Kila moja inatengewa steki (memori yake ya kuwekea kazi iliyo katikati) ya MB 1 kwenye Linux ya biti 64, sio RAM yote inaliwa palepale lakini inapanda. Kerneli ikihama kutoka thredi hii kwenda ile, keshi ya prosesa (memori yake ndogo ya haraka) inapoa, yaani data iliyomo haisaidii thredi mpya. Halafu kuna kitu watu wanakisahau kabisa, GC, kile kisafisha memori cha Java! Ikitaka kusafisha memori lazima isubiri thredi zote zinazokimbia zifike sehemu salama zisimame, kisha ipitie steki za thredi zote hata zile zilizolala, kwahiyo thredi nyingi zenye steki ndefu zinarefusha huo muda wa kusimama na wewe unabaki kulaumu GC bure.

Kama kazi yako ni hesabu tupu, weka thredi sawa na idadi ya kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa), basi. Kama ni kusubiri mtandao na databesi, Java 21 (Septemba 2023) imeleta thredi pepe, JVM imerudi kupanga yenyewe juu ya thredi chache za kerneli, kwa kawaida sawa na kori ulizonazo. Mimi nilihamishia huko huduma inayosubiri majibu muda mwingi, memori ikashuka vizuri tu, ila foleni ikahamia kwenye koneksheni za databesi, ikabidi niweke semafo (kizuizi cha idadi inayoingia kwa wakati mmoja) pale. Na ukiwa chini ya Java 24 chunga synchronized (neno la Java la kuweka kufuli ili iingie thredi moja tu kwa wakati), thredi pepe ikisubiri humo ndani inaishikilia ya kerneli haiachii.

Kabla ya yote endesha amri ya vmstat uone safu ya cs (kerneli inahama thredi mara ngapi kwa sekunde), ikiruka juu wakati wa mzigo ndio hizo swichi. Kisha jstack, amri inayoorodhesha thredi za Java na hali zake, uone ngapi zinafanya kazi na ngapi zinasubiri kufuli. Ukishahamia thredi pepe jstack haitakuonyesha zote, tumia amri ya jcmd na Thread.dump_to_file.