Sahani ya baba mdogo ina kasoro gani?

SWALI: Shikamoo mjomba. Marehemu baba mdogo ameniachia sahani za santuri, mojawapo ni Rumours ya bendi ya Fleetwood Mac. Mwanangu ana albamu hiyohiyo kwenye simu, lakini kwake kuna wimbo Silver Springs, kwangu haupo. Jirani anasema yangu ni feki. Ni kweli?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako apunguze maneno. Albamu ile ilipotoka Februari 1977 ilikuwa na nyimbo 11, na huo haukuwamo. Mwanao anasikiliza toleo la baadaye. Lile la 2004 liliurudisha.

Kilichoutoa ni nafasi. Sahani kubwa hubeba dakika 20 na ushei kila upande. Ukiijaza kupita hapo mifereji inabanana, sauti inafifia, na besi ndiyo inayoumia kwanza. Sisi wa enzi za sahani ndogo za dansi adha hiyo tunaijua: wimbo umekolea, unakatika, unanyanyuka kugeuza upande. Fleetwood Mac hawakuukata. Waliutoa mzima, wakaweka I Don't Want to Know, ambao ni mfupi.

Stevie Nicks, mwimbaji wa bendi aliyezitunga nyimbo zote mbili, alikasirika, na mimi namwelewa. Yeye na mpiga gitaa Lindsey Buckingham walikuwa wameachana, huku wakirekodi pamoja Sausalito, California. (John na Christine McVie, mume na mke wa bendi hiyohiyo, nao ndoa ilikuwa imevunjika. Sijui nani alikuwa akimsalimia nani asubuhi.) Buckingham akamtungia Go Your Own Way, mpasho mtupu, na Nicks akabidi auitikie kwa sauti yake mwenyewe! Silver Springs ndilo lilikuwa jibu lake, halafu likaachwa nje. Mtu wa Tanga aliyelelewa na taarabu hahitaji kuelezwa uchungu wa kunyimwa zamu ya kujibu.

Kwa hiyo soma lebo ya upande wa pili. Ukianza na The Chain, na wa tatu ukiwa I Don't Want to Know, mpangilio ni uleule wa 1977.

Na ukiutaka Silver Springs kwa sindano, tafuta sahani ndogo ya Go Your Own Way ya Desemba 1976. Kijembe kiko upande wa kwanza, jibu upande wa pili. Ukizipata mbili, moja yangu.