Re: Nataka kwenda Safari Rally kutoka Dodoma, bei za Naivasha zinanitisha

Mkuu, umesema nauli ya kwenda Kenya kuangalia mbio za magari za Safari Rally unaimudu ila vyumba vya Naivasha vimekukata maini. Kweli, kinachomaliza hela pale ni kitanda. Wiki ya mashindano bei hupaa. Lala Nakuru au Gilgil. Nakuru ni kama kilomita 70 kutoka Naivasha, na Soysambu na Elmenteita, magari ya mbio yanakopita pia, ziko upande huo huo.

Njia: basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati, lala Arusha, asubuhi mpakani Namanga, Nairobi, halafu matatu hadi Nakuru au Gilgil. Huna pasipoti? Ulizia Uhamiaji hati ya dharura ya kusafiria. Beba na kadi ya homa ya manjano, wakati wa kurudi unaweza kuulizwa. Hela badilisha benki. Vijana wa mpakani wanakunja noti katikati, moja unaihesabu mara mbili.

Anayekuuzia "tiketi" WhatsApp mkwepe: sehemu nyingi za kutazamia barabarani ni bure. Ila Hell's Gate ni hifadhi, tenga kiingilio.

Usisimame nje ya kona, gari likiteleza linakuja huko. Vumbi la kule ni kama unga, hivyo kama una pumu muone daktari kabla ya kukata tiketi ya basi.