Chevrolet Iliyobaki Bila Muuzaji

Swali: Mhariri, kwa kuwa Chevrolet haiuzwi tena nchini Kenya, nitapata wapi vipuri vya Optra yangu?
Msomaji, Nakuru

Jibu: Ndugu msomaji, General Motors, watengenezaji wa Chevrolet, ilipoiuzia Isuzu hisa zake za asilimia 57.7 katika kampuni yake ya hapa, General Motors East Africa, mwaka 2017, kampuni hiyo iligeuka Isuzu East Africa, ikaacha kuuza Chevrolet mpya lakini ikaahidi kuendelea kuwahudumia wenye magari hayo. Anzia huko, nawe usione haya kudai huduma. Optra ilitokana na Daewoo Lacetti ya Korea Kusini, hivyo vipuri vingi huingiliana. Mpe muuzaji namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, na ulinganishe breki pedi mpya na zile kuukuu kabla ya kulipa.