Mnaniuliza: Ubaguzi tumezaliwa nao?

Kamwene. Nilipoandika hapa juu ya Vinícius Júnior, yule Mbrazili wa Real Madrid aliyetukanwa kwa rangi yake uwanjani Valencia Mei 2023, nilidhani nimemaliza niliposema kwamba watatu kati ya waliomtukana walihukumiwa kifungo cha miezi minane mwaka uliofuata. Kumbe nimechokoza nyuki. Simu imejaa meseji kutoka Mwanjelwa hadi Makambako. Nimezifupisha, nimenyoosha herufi hapa na pale (vijana, "xaxa" si neno), na leo najibu ninazoziweza.

"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita hapa Iringa. Kwenye mdahalo tulisema ubaguzi wa rangi ni asili ya binadamu, tukashindwa. Bado naamini tulikuwa sahihi. Hata kuku humdonoa kuku mgeni."

Marahaba. Huyo kuku ndiye aliyewaponza. Mlete bandani kuku mgeni mwenye manyoya yale yale ya wenyeji, uone kama hatadonolewa. Kosa lake ni ugeni.

Nusu ya hoja yenu nawapa, na siwapi kwa huruma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, katika makundi mawili. Aliwaambia wamegawanywa kwa picha walizozipenda, za mchoraji huyu au yule. Ukweli ni kwamba aliwagawa kwa bahati nasibu tu. Hakuna aliyejua wenzake wako kundi lipi. Kisha kila mmoja akapewa kazi ya kugawa vijisenti kwa wenzake wasiojulikana majina. Walipendelea kundi lao. Na zaidi ya hapo, wengi walikubali kundi lao lipate pungufu, mradi lile jingine lipate pungufu zaidi. Tajfel hakuwa akicheza. Alikuwa Myahudi wa Poland aliyenusurika Vita Kuu ya Pili katika kambi za mateka, akarudi na kukuta karibu ukoo wake wote umeuawa. Alitaka kujua inahitajika sababu ndogo kiasi gani ili watu waanze kutengana. Akakuta inatosha sababu isiyokuwepo.

Mimi mwenyewe niliyaona hayo darasani kabla sijalisikia jina lake. Shule moja niliyofundisha tuligawa kidato cha kwanza kwa alfabeti, nusu ya kwanza mkondo A, waliobaki mkondo B. Ilipofika Februari mkondo B walikuwa na wimbo wao, mkondo A walikuwa na jina la kejeli la mkondo B, na siku moja nikaamua ugomvi wa fagio uliopasua mdomo wa mtoto. Watoto wale wote walikuwa wa kata mbili jirani, weusi wote, na wengine walikuwa binamu.

Kwa hiyo kujigawa "sisi" na "wao" kunatujia kirahisi mno. Ila mnapotoka hapo mkarukia rangi, mmeruka mto bila daraja. Hatukuzaliwa na orodha ya nani ni "wao". Orodha hiyo hutungwa, na ya rangi ilitungwa kwa jasho. Virginia, ilipokuwa koloni la Uingereza, ilitunga sheria mwaka 1691 ya kumfukuza Mzungu yeyote aliyefunga ndoa na mtu mweusi. Afrika Kusini ikapiga marufuku ndoa za namna hiyo mwaka 1949. Na hapo hapo ulipo, Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa kimekaa katika majengo yaliyojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Shule ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, ndivyo ilivyoitwa. Sasa nisaidie: ikiwa mtoto wa Kizungu huzaliwa akimkimbia Mhehe, gharama yote ile ya mabweni ya nini? Si angejitenga mwenyewe bure? Sijasikia serikali iliyotunga sheria ya kuwalazimisha watu kusinzia.

Utanijibu kwamba leo kuna sheria za kukataza ubaguzi, kama ile iliyowahukumu wale wa Valencia, nazo ni ushahidi kwamba watu huelekea huko. Hapo umenibana. Ndiyo maana nimekupa nusu.

"Mwanangu wa miezi minane alimlilia daktari wa Kizungu kliniki mpaka akabadilika rangi. Niliaibika sana. Mama mkwe anasema mtoto anajua mtu mbaya. Mama wa Uyole."

Mama, usiaibike. Miezi minane ndiyo hasa umri wa kulilia wageni. Mpelekee mjomba aliyeota ndevu akiwa safarini uone.

Ila kwa kuwa umeuliza, jambo lenyewe limepimwa. Watoto wachanga wa siku chache hawapendelei sura ya rangi yoyote. Wakifika miezi mitatu huanza kutazama zaidi sura zinazofanana na za watu wa nyumbani. Hapo wapenzi wa neno "asili" hupiga makofi mapema. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya kupima watoto wa miezi mitatu wa aina tatu: weupe wa Israeli, weusi wa Ethiopia wakiwa kwao Ethiopia, na weusi wenye asili ya Ethiopia waliokuwa wakilelewa Israeli, ambako kila siku waliona sura za rangi zote mbili. Wa kwanza walitazama zaidi sura nyeupe, wa pili wakatazama zaidi sura nyeusi. Hao wa tatu hawakupendelea upande wowote. Mtoto wako anajua anachokiona nyumbani. Mkwe wako naye anajua anachokitaka, lakini hilo si la safu hii.

"Niko saiti ya barabara. Wachina wote kwangu sura moja, namsalimia dereva nikidhani ni bosi. Huu nao ni ubaguzi?"

Hapana, hayo ni macho yasiyozoea, na nakuhakikishia hata wao huko kambini wanachanganya nani ni wewe na nani ni mbeba zege. Walipimwa Wakorea waliochukuliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri kati ya miaka mitatu na tisa. Wakiwa watu wazima walizitambua sura za Kizungu vizuri kuliko za Waasia, yaani za watu wanaofanana nao wenyewe. Jicho hubadilika.

Ubaguzi nitauona siku mmoja akikukata mshahara nawe ukasema "Wachina", na Mswahili mwenzako akikukata ukamtaja kwa jina lake.

"Mwalimu, mnasema rangi hazina maana kibayolojia. Mbona mtu nikimwona tu najua huyu Mzungu, huyu Mhindi? Wa Kalenga."

Wewe unaishi jirani na jibu. Mle ndani ya makumbusho yenu kuna fuvu kwenye kioo. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe akiwa hai, Wajerumani wakamkata kichwa. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza walidai kirudishwe, wakaliandika dai hilo katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Kilirudi mwaka 1954. Kinachoninyima usingizi mimi ni namna kilivyopatikana. Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, na kukuta mafuvu kama 2,000. Akachambua kwa vipimo, upana wa kichwa ukigawanywa kwa urefu wake, akilinganisha na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. (Wapo wanaotilia shaka kama alipatia. Mimi na wazee wa Kalenga hatubishani.)

Mafuvu elfu mbili katika mji mmoja! Hayakusafiri yenyewe. Zama hizo wasomi wa Ulaya waliamini kwamba ukipima fuvu utajua mtu ni wa jamii gani ya binadamu, na kutoka hapo utajua akili yake na daraja lake. Maofisa na madaktari wa jeshi katika makoloni wakawa wanawatumia vichwa kama mtu anavyotuma parachichi sokoni. Sasa niambie, kama tofauti ilikuwa wazi kiasi hicho machoni, rula ilikuwa ya nini? Walipima na kupima, na mipaka waliyoitafuta ikazidi kuwakimbia.

Ilikuja kueleweka kwa nini. Mwaka 1972 mtaalamu wa vinasaba Richard Lewontin alipiga hesabu ya tofauti za kurithi zilizojulikana wakati ule. Akakuta asilimia kama 85 zimo ndani ya kila jamii, kati ya mtu na jirani yake, na zile za kutenganisha "rangi" kubwa za binadamu ni kama asilimia 6 tu. Macho yako hayakudanganyi kuhusu ngozi. Ngozi ipo, inarithiwa, inaonekana toka ng'ambo ya barabara. Kosa ni kudhani kwamba kinachoonekana toka ng'ambo ya barabara kinakwambia yaliyomo ndani.

Tena hata ngozi yenyewe haijapanga mstari. Mwaka 2017 timu ya mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 2,000 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Waliikuta Afrika na vinasaba vya ngozi nyeusi na vya ngozi nyeupe pia, na vingi vya pande zote mbili ni vya kale sana, kabla binadamu hawajatoka bara hili. Kumbe weupe nao tulikuwa nao ghalani siku zote.

"Binti yangu ameleta mchumba Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Ndugu wanasema damu hazichanganyiki. Njombe."

Waambie waende benki ya damu ya hospitali yoyote. Wataulizwa kundi, A, B, AB au O. Baada ya hapo jadilini mahari.

"Nina saluni Mwanjelwa. Wateja wanataka mkorogo, nikikataa wanakwenda kwa jirani. Wanaume nao wanapenda weupe. Si asili tu mwalimu?"

Kwanza la kazi. Mkorogo wenye zebaki huharibu figo, na ule wa haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ukitumiwa muda mrefu unaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka, ndiyo maana serikali imepiga marufuku vipodozi vya aina hiyo. Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo miale mikali ya jua inavyoongezeka. Baridi ya hapa inatudanganya tu. Weusi wa ngozi ndio mwavuli, tena huilinda foliki asidi mwilini, ambayo mjamzito huihitaji ili mtoto aumbike vizuri. Mteja anakulipa umvue mwavuli mchana kweupe.

Kuhusu wanaume, nami ni mwanamume na nakumbuka tulivyolelewa. Mweupe alikuwa meneja kwenye chai ya Mufindi, alikuwa padri, alikuwa mwenye gari. Aliyekaa kivulini na kushika kalamu ndiye aliyekuwa mweupe, na aliyekuwa juani na jembe ni baba. Miaka sitini baadaye bado tunamsifu binti wa watu "mweusi, lakini mzuri". Hiyo "lakini" haikutoka tumboni mwa mama yeyote. Mimi nimemsikia mwalimu mwenzangu akiisema mbele ya darasa, na sikumkosoa, na yule binti alikuwa dawati la mbele.

"Mimi Mngoni nafanya kazi Iringa. Wahehe ofisini wananiita mtumwa wao, nami nawaita wala mbwa, tunacheka. Mkuu mpya ametoka Dar, ametukataza, anasema ni ubaguzi. Tuache?"

Mkuu wako nina huruma naye. Kwa masikio yasiyozoea, mtumwa ni mtumwa na mbwa ni mbwa, na siku hizi kila ofisi ina mafunzo ya maadili. Mwelezeni taratibu.

Mwambieni kwamba babu zenu na zetu sisi Wahehe waliuana kweli kweli mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, na hakuna aliyemshinda mwenzake moja kwa moja. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kuchukiana mpaka leo, ni sisi. Badala yake tukabaki na matusi, tukayawekea kanuni: yanakwenda na kurudi, hayafuatwi na ngumi, na anayeyatoa ana wajibu. Kipimo cha kumpa mkuu ni hicho. Akija mfagizi Mhehe ambaye hawezi kukujibu kwa kuogopa kibarua chake, au mtu wa kabila lisilo na utani nanyi, hapo mkuu ameshika penyewe, nyamazeni.

Tulipomzika mama yangu, watani walitangulia makaburini. Mngoni mmoja, mtu mzima na mvi zake, alishuka ndani ya kaburi akajilaza chali, akasema marehemu alikuwa na deni lake la mbuzi tangu enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa, na hapishi mtu. Dada zangu waliokuwa wakilia tangu alfajiri wakaanza kucheka huku machozi yakiwatoka. Nikamshushia elfu mbili. Akaitazama juani mbele na nyuma, akasema Wangoni hawapokei hela za wala mbwa, akaitia mfukoni. Halafu akapanda, akavua koti na kudai koleo.