Kwa Mkufunzi Mgeni: Kufundisha Mtiririko wa Maji kwa Miwani ya Uhalisia Pepe

Mwenzangu unayeanza kufundisha wanafunzi wa uhandisi hapa Lamu, usiwavishe miwani hii, inayomwonyesha mtu picha za kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, kabla hawajaandika kwa kalamu kile wanachotarajia kukiona. Wachoree bomba linaloanza pana, likabana katikati, kisha likapanuka tena, uwaulize shinikizo la maji ni kubwa mahali gani. Wengi watasema ni pale palipobana, na si ajabu, kwa kuwa mtu akibanwa huhisi kusukumwa. Kuhusu kasi hawakosei, maana wamekulia mashuani na wanajua jinsi mkondo unavyokaza kwenye mlango mwembamba maji yanapokupwa siku za bamvua. Linalowashinda ni kwamba kasi inapopanda pale kooni, shinikizo hushuka, kama alivyoeleza mwanahisabati Daniel Bernoulli mwaka 1738. Aliyeandika jibu lenye kosa, kisha akajiona yumo ndani ya bomba, mistari ya mtiririko ikisongamana kumzunguka na rangi ya shinikizo ikigeuka kutoka nyekundu kuwa buluu, huvua miwani akiwa na swali. Asiyeandika huivua akiwa ameburudika tu. Maana ya rangi ielezwe mapema, kwani darasa langu la kwanza lilikuwa na waliodhani nyekundu ni joto.

Wakumbushe pia kwamba wanachokiona si maji, bali ni hesabu iliyopakwa rangi. Kwa sababu hiyo mimi huweka mezani bomba la kioo na wino, kwa mfano wa jaribio la mhandisi Osborne Reynolds mwaka 1883, nikafungua bilula polepole hadi uzi wa wino ulionyooka uvurugike. Katika bomba la kipenyo cha sentimita 2, maji yaendayo sentimita 5 kwa sekunde hutoa namba ya Reynolds (kipimo cha kama mtiririko utakuwa tulivu au wa vurugu) ipatayo 1,000, na chini ya 2,000 hivi mtiririko hubaki tulivu. Waache waikokotoe wenyewe.

Zamu ya kila mmoja isizidi dakika 10, naye awe ameketi, kwa kuwa macho huona mwendo ambao sikio la ndani halihisi, na hapo ndipo kichefuchefu huanza. (Mabaharia nao hutapika, usidanganyike.)

Miwani ikivuliwa, ifunike kitambaa. Yangu niliiacha dirishani kwa dakika chache, jua la saa nne likapenya kwenye lenzi na kuichoma skrini, na doa la manjano lipo hadi leo upande wa jicho la kushoto. Kila muhula hupatikana mwanafunzi wa kuniuliza kwa nini maji yanalipita bila kupinda.