Maswali na Majibu: Bango la Mama Anayechekesha

Filamu yetu ni ya vichekesho, kuhusu mama wa watoto watatu. Mtayarishaji anataka sura za waigizaji wote wanane kwenye bango. Nifanyeje?

Mwambie bango si picha ya ukoo. Chagua wazo moja, ulipe nafasi yote. Mama mrefu kuliko ghorofa, watoto wanampanda kwa kamba, naye anapiga mswaki bila habari. Mtazamaji ameshacheka kabla hajasoma jina. Tangu miaka ya 1950 Saul Bass, mbunifu Mmarekani wa mabango ya filamu, alionyesha kwamba umbo moja, kama lililokatwa kwa mkasi, linatosha kuibeba filamu nzima. Kichekesho kitoke kwenye vipimo vilivyovurugwa au kitu kilichokaa pasipo pake, si kwenye herufi zilizopachikwa macho na miguu. Na mama awe anafanya jambo! Kila siku tunaletewa ama malaika ama mtumwa wa jikoni, halafu mwongozaji anashangaa hakuna anayecheka. Wale wanane wana safu yao ya majina pale chini. Ila soma mikataba kwanza: mwigizaji aliyeahidiwa jina juu kabisa hasikilizi habari za ubunifu.

Rangi ya waridi hafifu inafaa?

Hapana. Imechoka kuliko huyo mama.

Bango liwe na ukubwa gani?

Swali hili tena. Kipimo kilichozoeleka kwenye majumba ya sinema ni inchi 27 kwa 40. Kwa pikseli 300 kila inchi, unapata 8,100 kwa 12,000, bila kuhesabu ukingo wa ziada unaokatwa baada ya kuchapa. Ukianza na picha uliyotumiwa kwa WhatsApp, usiniulize kwa nini imetoka na ukungu. Kisha lipunguze hadi ukubwa wa kucha. Wengi wataliona kwenye simu tu, na kama kichekesho hakionekani hapo, hakipo.

Rangi ya chungwa iling'aa kwenye kompyuta, ikachapwa kama tope. Mchapaji kaniibia?

Hajakuibia. Skrini huchanganya mwanga, mashine huchanganya wino, na wino haufiki kila mahali mwanga unapofika. Geuza mfumo wa rangi mapema, kutoka ule wa skrini kwenda ule wa wino, na udai nakala ya majaribio kabla ya kulipia nakala mia tano.

Nimepata intaneti picha ya mtoto mzuri sana. Niitumie?

Mtoto wa nani? Mpiga picha ana haki zake, na wazazi lazima waridhie. Fonti nazo vilevile: nyingi za "bure" ni bure kwa matumizi binafsi, si kwa filamu inayouza tiketi. Wewe chora. Mtoto wa kuchorwa unaweza kumning'iniza kwenye feni na hakuna atakayeita polisi.